Vita Vilivyo Chini ya Ute: Jinsi Bakteria Anavyouharibu Ukuta wa Tumbo

Waheshimiwa wenyeji, wenzangu wa fani ya tiba, wanafunzi, na nyote mliotoka makwenu kuja kusikiliza habari za tumbo,

Nimeombwa nizungumze juu ya vidonda vya tumbo, nami nimekubali kwa sharti dogo, kwamba nisianze na kidonda chenyewe. Kidonda hutokea mwishoni, pengine baada ya miaka 20 au 30 ya mambo ambayo mwenye tumbo hakuyahisi hata kidogo, na tukianzia pale tutaishia kudhani, kama walivyodhani madaktari kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kwamba asidi ndiyo mkosaji mkuu na kwamba kazi yote ya tiba ni kuipunguza. Ninavyoona mimi, asidi huingia mahali ambapo mlango umekwisha kuvunjwa. Mvunjaji naye hayuko peke yake, kwa maana bakteria huanzisha ugomvi, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hufanywa na askari wetu wenyewe, yaani kinga ya mwili inayopigana miaka nenda miaka rudi na adui asiyeondoka.

Tulitazame kwanza tumbo lililo zima. Ndani yake mna asidi ya haidrokloriki ambayo, ikifikia kilele cha ukali wake, ina ayoni za haidrojeni, yaani chembe zinazoipa asidi ukali wake, zaidi ya mara milioni moja ya zile zilizomo katika damu, na mna pepsini, kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunjavunja protini za nyama. Tumbo lenyewe ni nyama. Kinacholizuia lisijimeng'enye ni utando mwembamba wa seli uliofunikwa kwa ute mzito, na ndani ya ute huo seli humwaga bikaboneti inayoizimua asidi kabla haijazifikia seli zenyewe. Kwa hiyo mtu angeweza kusafiri kutoka katikati ya tumbo, ambako asidi ni kali kupindukia, hadi kwenye uso wa seli, ambako hali inakaribia kuwa sawa na ya maji safi, na safari nzima isizidi sehemu ya milimita moja. Juu ya hayo, seli za uso huo hazikai muda mrefu. Hubadilishwa kila baada ya siku chache, na pale inapotokea mchubuko mdogo, seli za jirani hunyooka na kuuziba katika muda wa dakika au saa kadhaa, bila hata kungoja seli mpya zizaliwe. Damu hupita chini yake kwa wingi, ikileta chakula na bikaboneti na kuondoa asidi iliyopenya. Wanaosimamia kazi zote hizi, yaani wanaoagiza ute uongezwe na damu ifunguliwe, ni kemikali ziitwazo prostaglandini, nazo mtazikumbuka baadaye nitakapozitaja dawa za maumivu.

Huu, basi, ndio ulinzi ambao Helicobacter pylori ameupatia dawa. Ni bakteria aliyejipinda kama kizibuo, mwenye urefu wa takriban mikromita 3, hata kwamba zaidi ya 300 wangepangwa kichwa kwa mkia ndipo wafikie milimita moja, na upande mmoja ana mikia kadhaa ya kuogelea. Wengi humpata utotoni, mara nyingi kutoka kwa watu wa nyumba moja, kwa njia ya mdomo: mate, matapishi, au maji na mikono iliyogusana na kinyesi. Akishamezwa hana muda wa kupoteza. Asidi ya katikati ya tumbo itamuua, na ni lazima auvuke uwanja huo na kuingia katika ute kabla nguvu hazijamwishia.

Silaha yake ni kimeng'enya kiitwacho yurease, na anacho kwa wingi usio wa kawaida, kwani kinakaribia sehemu moja ya kumi ya protini zake zote. Kimeng'enya hicho huchukua yurea, taka ya kawaida iliyomo katika damu na katika majimaji ya tumbo, na kuigeuza kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia huizima asidi. Bakteria huyu ana hata mlango wa pekee katika ngozi yake unaofunguka asidi inapokuwa kali ili yurea iingie, na kujifunga asidi inapopungua, kwa sababu amonia ikizidi itamdhuru yeye mwenyewe. Nimeusoma utaratibu huo mara nyingi na bado unanishangaza.

Hapa pana jambo ambalo kwa miaka mingi tulilielewa vibaya. Kwa kuwa amejipinda, ilidhaniwa kwamba hujipenyeza katika ute kwa kuuzungusha mwili wake kama fundi anavyotoboa ubao. Baadaye ikaonekana kwamba ute ulio katika asidi huwa umeganda mno, na humo bakteria hukwama, akazungusha mikia yake bila kusogea. Anachofanya ni kumwaga amonia yake, na asidi inapopungua pembeni yake, ute huyeyuka kutoka hali ya kuganda hadi hali ya majimaji, naye akaogelea. Kwa maneno mengine, hatua yake ya kwanza kabisa ya kutafuta usalama ndiyo hatua ya kwanza ya uharibifu, kwa sababu ute ulioyeyushwa haulindi kama ute ulioganda.

Akishafika chini, wengi wao hubaki wakielea ndani ya ute, na wachache hujishika kwenye seli zenyewe kwa kutumia protini zinazonasa sukari zilizo juu ya seli hizo, miongoni mwake zikiwamo zile zinazohusiana na makundi ya damu. Hawa wachache ndio wenye kudhuru kwa karibu. Nasaba nyingi, yaani aina ndogondogo za bakteria huyu, hutoa sumu iitwayo VacA, ambayo hutoboa vishimo katika seli, huzijaza viputo vikubwa, hufika hadi kwenye mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kuisukuma seli kufa kabla ya wakati wake. Nasaba nyingine, na hizi ndizo tunazoziogopa zaidi, zina kifaa kinachofanana na sindano, ambacho huchoma seli na kuiingizia protini iitwayo CagA. Ikishaingia, CagA hubadilishwa na vimeng'enya vya seli yenyewe, kisha huingilia amri zinazoiambia seli igawanyike lini, ishikamane na nani na ikae ikielekea upande gani. Seli hurefuka na kulegeza mshiko wake kwa jirani zake. Mnajua ukuta wa matofali ambao saruji yake imeanza kumong'onyoka: matofali yote yapo, lakini mvua ikinyesha maji yanapita.

Hata hivyo, mtu akiniambia kwamba bakteria huyu "anakula tumbo", kama tunavyozoea kusema, huwa namwomba asubiri kidogo. Kama angekuwa analila kwa haraka, angekosa pa kuishi. Yeye anataka kukaa, na katika kukaa kwake amejificha kwa werevu, kwani maganda yake yametengenezwa kwa namna ambayo walinzi wa mwili hawayastukii sana, na mikia yake haitambuliwi na vipokezi ambavyo huitambua mikia ya bakteria wengine wa tumboni. Lakini hajifichi kikamilifu. Seli za utando, zikishachomwa na kulegezwa, hupiga kengele kwa kemikali, mojawapo ikiwa ile iitwayo interleukini 8, na kengele hiyo huita seli nyeupe za damu aina ya neutrofili, ambazo humiminika kutoka katika mishipa hadi kati ya seli za utando. Neutrofili hupigana kwa kumwaga kemikali kali za oksijeni na vimeng'enya vya kuyeyusha. Shabaha yao, kwa bahati mbaya, ipo ng'ambo ya utando, ndani ya ute, mahali ambapo hawafiki vizuri. Na hata wakifika, bakteria ana vimeng'enya vyake vya kuzizima kemikali hizo. Risasi haimuui aliyelengwa, na nyumba ndizo zinazobomoka.

Baada ya neutrofili huja limfosaiti, aina nyingine ya seli nyeupe za damu, na seli zinazotengeneza kingamwili. Kingamwili hutengenezwa kweli, na zinaonekana katika damu kwa miaka, lakini hazimfukuzi. Basi vita haviishi. Utando unakuwa mwekundu, umevimba, umejaa askari, hali ambayo madaktari huiita gastritisi ya kudumu, na karibu kila mtu aliyeambukizwa anayo, hata asiyewahi kulalamika siku moja. Hili nalisisitiza kwa sababu najua baadhi yenu mmekuja na swali: mbona mimi nimepimwa nikakutwa naye na siumwi? Unaye, na utando wako umevimba, ila utando wa tumbo si ngozi ya kidole. Unaweza kuvumilia mengi bila kupeleka habari. Kwa makadirio yanayotumika sana, kati ya watu 100 wenye maambukizi haya, takriban 10 hadi 20 watapata kidonda wakati fulani wa maisha yao, na mmoja au wawili watapata saratani ya tumbo. Wengine watakufa kwa sababu nyingine kabisa, bakteria wao wakiwa bado wapo.

Kinachoamua nani aelekee wapi ni, kwa kiasi kikubwa, mahali vita vinapopiganwa. Jambo hili ni zito kidogo, nawaomba mniwie radhi nikikaa hapo.

Tumbo lina sehemu mbili zenye kazi tofauti. Sehemu ya chini, iliyo karibu na mlango wa kutokea, haitengenezi asidi. Inatoa homoni iitwayo gastrini, ambayo huamuru asidi itengenezwe, na inatoa homoni nyingine, somatostatini, ambayo huizuia gastrini isizidi. Sehemu ya kati, iliyo kubwa zaidi, ndiyo yenye tezi za kutengeneza asidi. Sasa, maambukizi yakikaa hasa sehemu ya chini, uvimbe huzipunguza seli za somatostatini. Breki imelegea, gastrini inapanda, na tezi za sehemu ya kati, ambazo hazijaguswa, zinatii amri na kumwaga asidi nyingi kuliko inavyohitajika. Asidi hiyo inateremka katika duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba, ambao haukuumbwa kuipokea kwa wingi huo. Utando wa duodeni hujaribu kujikinga kwa kubadilika, baadhi ya mabaka yake yakichukua sura ya utando wa tumbo. Na hapo bakteria, ambaye kwa kawaida hapendi utumbo, anapata makao mapya. Anahamia, vita vinaanza huko, utando unalegea, asidi inaingia, na kidonda kinachimbika.

Maambukizi yakienea sehemu ya kati, hadithi inageuka kinyume chake. Tezi za asidi zenyewe ndizo zinazoshambuliwa katika mapigano, moja baada ya nyingine zinakufa, na nafasi yake inachukuliwa na tishu za kovu au na seli zisizoijua kazi hiyo. Asidi inapungua. Mgonjwa wa namna hii anaweza kupata kidonda cha tumbo akiwa na asidi kidogo, kwa kuwa ukuta wake umedhoofika kiasi kwamba hata kidogo kinatosha kuuchimba, na huyu ndiye anayewachanganya wanaoamini kwamba kila kidonda ni asidi iliyozidi. Pamoja na tezi hupotea protini inayosaidia vitamini B12 kufyonzwa, na madini ya chuma hayafyonzwi vizuri asidi ikikosekana, ndiyo maana mtu mwingine huja kwetu kwa upungufu wa damu tu, na anastaajabu tunapotaka kumpima tumbo.

Baada ya tezi kufa, utando huanza kuota mabaka yenye seli zinazofanana na za utumbo. Daktari Pelayo Correa, mzaliwa wa Colombia, ndiye aliyeipanga njia hii hatua kwa hatua: uvimbe wa kudumu, kufa kwa tezi, utando kugeuka sura ya utumbo, seli kuharibika mpangilio, na hatimaye saratani. Wengi husimama njiani na hawafiki mwisho. Lakini wanaofika wanatosha kuwa tatizo kubwa, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilimweka bakteria huyu katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lilelile lenye tumbaku.

Ilichukua muda mrefu kuyajua haya. Huko Perth, Australia, mwaka 1979, mtaalamu wa patholojia Robin Warren alianza kuona kwa hadubini bakteria waliojipinda juu ya vipande vya utando wa tumbo, na akaona pia kwamba palipo na bakteria pana uvimbe. Wakati huo ilikubalika kwamba hakuna kiumbe kinachoweza kuishi katika asidi ile. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye, wakajaribu kumwotesha bakteria maabara na kushindwa mara kwa mara, kwa kuwa sahani zilikuwa zinatupwa baada ya siku mbili. Mwaka 1982, wakati wa sikukuu ya Pasaka, sahani zilisahauliwa katika kitotoleshi siku nyingi zaidi, na waliporudi wakawakuta wameota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi wa bakteria hao. Baada ya siku chache alikuwa na kichefuchefu na kutapika, na vipande vilivyochukuliwa tumboni mwake vikaonyesha gastritisi iliyokolea. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Watu husimulia kwamba Marshall alijipa vidonda vya tumbo. Hakupata kidonda, alipata uvimbe, na uvimbe ndio aliotaka kuuthibitisha, maana ndio mlango.

Nimesema nitazirudia dawa za maumivu. Aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zao huzuia kutengenezwa kwa prostaglandini, na mnakumbuka kwamba hizo ndizo zinazoagiza ute, bikaboneti na damu. Zinaweza kuleta kidonda peke yake, bila bakteria yeyote. Vikikutana viwili, dawa na bakteria, hatari inazidi ya kila kimoja, na hapo ndipo tunapoona vile vidonda vinavyotoboa mshipa wa damu usiku, mgonjwa akatapika kitu kama machicha ya kahawa au akaona choo cheusi kama lami. Mwenye kuona dalili hizo asingoje miadi. Ama wasiwasi na vyakula vikali, ambavyo vimelaumiwa vizazi na vizazi, vinaweza kuongeza maumivu kwa aliye na kidonda tayari, lakini chanzo cha vidonda vingi ni hivi viwili nilivyovitaja.

Tuje sasa kwenye jambo linaloniudhi kidogo katika kazi yangu. Mtu ana maumivu ya chembe ya moyo, ananunua vidonge vya kupunguza asidi, anapata nafuu, anaacha, maumivu yanarudi, ananunua tena, na hivyo miaka inapita. Vidonge hivyo ni vizuri na kidonda hupona kwa hivyo. Ila bakteria yupo, vita vipo, na kabla hatujaanza kumtibu bakteria mwenyewe, zaidi ya nusu ya vidonda vya duodeni vilirudi katika muda wa mwaka mmoja baada ya dawa kuachwa, ilhali akishaondolewa vinarudi kwa wagonjwa wachache sana. Liko na jambo la pili lisilojulikana sana nje ya fani. Asidi ikipunguzwa kwa muda mrefu hali bakteria akiwa hai, sehemu ya kati ya tumbo, iliyokuwa ikimkaribisha kwa shida kwa sababu ya asidi yake, inakuwa mahali pa kukalika, na uvimbe hupanda kutoka chini kwenda kwenye tezi. Vita vinahamia kule ambako havikutakiwa kabisa kufika.

Kwa hiyo hutafutwa bakteria. Anapimwa kwa kinyesi, au kwa pumzi baada ya mtu kunywa yurea yenye kaboni iliyotiwa alama, ambayo yurease ya bakteria huivunja na alama ikatokea katika pumzi, au kwa kipande kidogo cha utando kinachochukuliwa kwa kamera inayopitishwa mdomoni hadi tumboni. Akipatikana, hutolewa antibayotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Dawa ya asidi hapo ina kazi nyingine: asidi ikipungua, antibayotiki hazivunjiki haraka, na bakteria huanza kugawanyika, jambo linalomfanya auawe kwa urahisi. Dozi ikikatizwa wanaobaki ni wale sugu. Usugu wa bakteria huyu kwa klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki hizo, umeenea hata Shirika la Afya Duniani likauweka mwaka 2017 katika orodha ya maambukizi yanayohitaji dawa mpya kwa kipaumbele cha juu. Ndiyo maana mgonjwa hurudishwa kupimwa angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibayotiki, akiwa ameacha vidonge vya asidi kwa wiki 2, na hapimwi kwa damu, kwa sababu kingamwili hubaki muda mrefu baada ya adui kuondoka.

Na utando je? Neutrofili huondoka mapema, katika wiki za mwanzo. Limfosaiti hukawia, na si ajabu kuzikuta bado zipo baada ya mwaka mmoja au zaidi, kama jeshi ambalo halijapata habari kwamba vita vimekwisha. Ute hurudi katika unene wake na kidonda huziba. Tezi zilizokufa huweza kurudi kwa kiasi kwa baadhi ya watu, hasa waliotibiwa mapema. Mabaka yaliyokwisha kugeuka sura ya utumbo, kwa wengi, hubaki yalivyo, na hatari ya saratani hupungua lakini haifutiki. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ambaye mabaka yameenea sehemu kubwa ya tumbo, pendekezo lililopo ni kumrudisha kwenye kamera kila baada ya miaka 3 hivi, hata kama kipimo cha pumzi kimeonyesha kwamba bakteria hayupo tena.